Koltani, Hip-hop na Kasumba ya Walimu wa Kiswahili



Yako maneno ambayo yakinyamaziwa kwa muda mrefu hugeuka kuwa sheria. Mojawapo ni neno hili linalosemwa kila tukutanapo walimu wa Kiswahili wa Rusizi, iwe katika semina, iwe katika chumba cha walimu wakati wa chai: kwamba muziki wa kufokafoka ni kelele za vijana waliokosa malezi, na kwamba Kiswahili hakikuumbwa kwa ajili ya hadithi za vyombo vya angani na mashine zenye akili. Wasemao hivyo si watu wabaya. Ni wenzetu, wengi wametutangulia kazini, na baadhi yao walitufundisha sisi wenyewe. Hata hivyo twasema waziwazi kwamba wamekosea, na kwamba kosa lao si dogo. Linawanyima wanafunzi wetu haki ya kuuwaza wakati ujao kwa lugha hii, tena hapa mpakani, mahali ambapo wakati huo ujao unachimbwa ardhini kwa sururu.

Heri tuanze na kisa kilichotusukuma kuandika. Miaka michache iliyopita shule moja ya sekondari katika wilaya hii ilifanya shindano la uandishi wa Kiswahili. Kijana mmoja wa mwaka wa tano alileta daftari lenye vipande kumi na viwili vya kufoka, vyote vikisimulia kisa kimoja. Kisa chenyewe kilikuwa cha mwaka 2090. Fundi wa simu wa Kamembe, ambaye kibanda chake kimejaa simu zilizokufa, asikia usiku simu hizo zikisema. Kila moja yataja kilima ambako madini yake yalichimbwa na jina la mtu aliyeyachimba. Fundi ayaandika majina hayo daftarini. Wenye kampuni wapatapo habari, watuma watu kuja kuzinunua simu mbovu zote za mji kwa bei ya simu mpya. Vipande vilivyosalia vyaeleza jinsi majirani wanavyogawanyika, na iwapo fundi atauza au hatauza.

Waamuzi walikuwa watatu. Walilisoma daftari, wakacheka kidogo, wakaandika chini yake kwamba kazi hiyo si ushairi, haina vina vya kati, na mada yake haihusiani na mazingira yetu. Kijana hakupata hata nafasi ya kumi. Miezi michache baadaye alikipeleka kisa kile kile, sasa kwa Kiingereza, kwenye shindano jingine, akasifiwa mbele ya wazazi kwa ubunifu. Mmoja wa waamuzi wale watatu ni sisi tunaoandika haya. Sahihi yetu ipo kwenye karatasi ile. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba twawanyoshea wengine kidole hali sisi wenyewe tumesimama mahali safi.

Albamu ya kisa kimoja ni kitu gani?

Tusihukumu tusichokijua. Albamu ya kawaida ni mkusanyo wa nyimbo: huu wa mapenzi, ule wa huzuni, wa tatu wa kujisifu. Lakini iko aina nyingine ambayo nyimbo zake zote zafuata uzi mmoja. Zina mahali pamoja na wahusika wale wale, na jambo lililoanzishwa katika wimbo wa kwanza hupata mwisho wake katika wimbo wa mwisho. Twaweza kuiita albamu ya kisa kimoja. Katika hip-hop ya chinichini, yaani ile isiyotegemea redio kubwa wala makampuni makubwa ya muziki, aina hiyo imeoana sana na bunilizi za kisayansi.

Mwaka 1996 Kool Keith wa New York alijivika sura ya Dr. Octagon, tabibu wa ajabu aliyetoka sayari ya Mshtarii. Mwaka 2000 Del the Funky Homosapien, akishirikiana na Dan the Automator na Kid Koala, alitoa Deltron 3030, ambamo shujaa apambana na makampuni yanayoitawala dunia katika mwaka 3030. Mwaka 2016 kundi la clipping. la Los Angeles lilitoa Splendor & Misery, kisa cha mtumwa anayebaki peke yake ndani ya chombo cha angani baada ya maasi, huku mashine inayokiongoza chombo ikimpenda. Mwaka 2017 albamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Hugo, tuzo mashuhuri ya bunilizi za kisayansi. Mtu mweusi aliyewahi kupakiwa melini kama bidhaa ndiye aliyerudi katika kisa hicho, safari hii akipita baina ya nyota. Anayesema kwamba huo ni mchezo wa watoto hakusikiliza.

Mwaka huo huo wa 2016, mwezi wa Januari, Saul Williams, malenga na mfokaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1972, alitoa albamu iitwayo MartyrLoserKing. Jina hilo ni mchezo wa maneno: ndivyo jina la Martin Luther King linavyoweza kusikika likitamkwa kwa lafudhi ya Kifaransa. Mhusika mkuu ni mdukuzi wa kompyuta. Makao yake hayako New York wala Tokyo. Yako Burundi, katika kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta zilizotupwa na matajiri. Wimbo mmoja umeitwa kwa jina la nchi hiyo, na jina la wimbo mwingine lina maneno yenye maana ya ‘koltani kama pamba’.

Mada isiyohusiana na mazingira yetu?

Hebu sasa tulitazame tena neno lile tuliloliandika chini ya daftari la kijana, kwamba mada haihusiani na mazingira yetu. Kutoka Cyangugu hadi Bukavu ni kuvuka daraja. Kutoka Kamembe hadi Bugarama, ambako Rwanda, Burundi na Kongo zakutana, ni safari ya asubuhi moja. Mto Rusizi watoka ziwa Kivu na kumwaga maji yake katika ziwa Tanganyika, na mitambo iliyojengwa juu yake yazalisha umeme unaogawiwa nchi zote tatu. Umeme huo wavuka mipaka bila kuonyesha hati yoyote.

Na koltani ni nini? Ni mawe yenye metali mbili, niobi na tantali. Tantali hutengenezewa kapasita, vidude vidogo sana vinavyohifadhi chaji ya umeme ndani ya simu na kompyuta. Hupendwa kwa sababu chaji nyingi huhifadhiwa katika nafasi ndogo, na kidude chenyewe hustahimili joto. Kongo na Rwanda ni miongoni mwa nchi zinazoongoza ulimwenguni kwa kutoa tantali. Mwaka 2000 bei yake ilipanda ghafula, na huko Kivu watu wengi wakaacha majembe wakakimbilia mashimo. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na wengi wakabaki bila shamba na bila fedha. Hiyo ndiyo habari ya mashine za kisasa ikisimuliwa kutoka upande wa chini. Mwanafunzi wetu hakuitoa Marekani. Aliipata kwa mjomba, sokoni, na katika kibanda cha fundi wa simu. Sisi waamuzi ndio tuliokuwa mbali na mazingira.

Pamba nayo yafaa itajwe kwa makini. Yumkini Mmarekani alipounganisha koltani na pamba alikumbuka mashamba ya Mississippi na watumwa waliochuma huko. Lakini bonde letu nalo laijua pamba. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya Kibelgiji ilianzisha kilimo cha lazima cha pamba nchini Kongo, na zao hilo likalimwa pia katika bonde la Rusizi, upande wa Uvira na upande wa Imbo nchini Burundi. Mkulima aliamrishwa apande, apalilie na auze kwa bei ambayo hakuipanga. Kwa hiyo msemo wa ‘koltani kama pamba’, ukiletwa katika darasa la Bugarama, hauhitaji tafsiri. Unahitaji tu mwalimu anayejua historia ya mahali alipo.

Dai la kwanza: kwamba si ushairi

Wenzetu wadai kwamba kufoka hakuna arudhi. Tuwaulize: utenzi ni nini? Tunawafundisha wanafunzi kwamba utenzi ni shairi refu la kusimulia, lenye mizani nane katika kila mstari na mistari minne katika kila ubeti, mistari mitatu ikishika kina kimoja na wa nne ukishika kina kinachorudi hadi mwisho. Twawaambia kwamba utenzi hughaniwa mbele ya watu. Twawaambia kwamba husimulia habari za mashujaa na vita, tena mara nyingi katika nchi za mbali. Basi vipande kumi na viwili vinavyosimulia kisa kimoja, kwa mistari iliyopimwa kwa mdundo na kufungwa kwa vina, ili vighaniwe mbele ya watu, ni nini kama si ndugu wa utenzi? Mfokaji hupima kwa mapigo ya ngoma pale ambapo mtunzi wa zamani alipima kwa mizani. Tofauti hiyo ipo na haifai kufichwa. Lakini ni tofauti ya vipimo. Kazi ni moja.

Isitoshe, kosa tulilomhesabia kijana lilikuwa aibu yetu. Tulimnyima alama kwa kukosa vina vya kati. Vina vya kati ni vya shairi lenye mstari wa vipande viwili. Utenzi wa mizani nane tunaoufundisha kila mwaka hauna vina vya kati. Tulimwadhibu mtoto kwa kukosa kitu ambacho hata Utendi wa Tambuka hauna!

Na kwa kuwa tumeutaja Tambuka, tuongeze neno. Bwana Mwengo bin Athumani aliutunga huko Pate. Nakala yake ya kale ni ya mwaka 1728, na beti zake zapita 1,100. Unasimulia vita dhidi ya Herekali, mfalme wa Rumu, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mtunzi, katika nchi iliyo mbali sana na Pate. Hakuna mwalimu anayesimama darasani akasema kwamba Bwana Mwengo hakuandika juu ya mazingira yake. Sote twajua kwamba mtunzi aweza kwenda mbali ili aseme jambo la karibu. Kwa nini ruhusa hiyo apewe aliyekwenda miaka elfu nyuma, anyimwe anayekwenda miaka sabini mbele?

Wako wanaojibu kwamba tatizo ni matusi na majigambo. Kweli, yako mengi, na sisi hatuyatetei. Lakini Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye twamheshimu kama mmoja wa baba wa ushairi wetu, alijibizana na wapinzani wake kwa maneno makali, na malumbano ya mashairi twayafundisha kama sanaa. Tukitupa kila chenye majigambo, nusu ya fasihi yetu itaondoka. Aidha, tusisahau kwamba hip-hop ya Kiswahili ina umri sasa. Saleh Jabir alikuwa akifoka kwa Kiswahili Dar es Salaam mwaka 1991, na mwaka 2001 Profesa Jay alitoa Machozi, Jasho na Damu, albamu iliyowafanya hata wazee wasikilize. Vijana hao walifanya bila mshahara wala semina kazi tunayolipwa sisi kuifanya: waliwafanya vijana wapende kutafuta neno la Kiswahili lililo sahihi mahali pake.

Dai la pili: kwamba Kiswahili hakina maneno wala desturi hiyo

Dai hili ndilo baya zaidi, maana linatoka kwa walimu wa Kiswahili wenyewe. Tulitegemea kulisikia kwa maadui wa lugha.

Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani. Kutoka nchi hiyo wajumbe wanatumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakatazame jinsi wengine wanavyoishi. Wanaporudi na maarifa, wafungwa. Mwaka 1995 Katama Mkangi, Mkenya aliyewahi kuwekwa kizuizini katika utawala wa Moi, alichapisha Walenisi. Humo Dzombo, aliyehukumiwa kufa, arushwa katika chombo ambacho ni cha mauti, naye akiongoza hadi nchi ya mbali yenye haki. Jina la nchi hiyo likikatwa vizuri lasomeka ‘wale ni sisi’. Nchi angani, chombo kirukacho, watu wengine ambao ni sisi wenyewe: hizi ni nini? Vitabu hivi tumevisoma vyuoni. Tumevijibia mitihani. Lakini hatukuviita bunilizi za kisayansi, kwa sababu kasumba imetufundisha kwamba mambo hayo ni ya Wazungu, na kwamba Mwafrika akiandika juu ya anga lazima awe anatoa fumbo kuhusu serikali yake tu.

Ama kuhusu maneno, Kiswahili hakijawahi kuyangoja yashuke kutoka mbinguni. Maneno huja mtu anapokuwa na jambo la kusema. Neno ‘mdukuzi’ lenyewe latuonyesha njia: zamani lilimhusu mtu apelelezaye mambo ya siri ya wengine, nasi leo twalitumia kwa anayeingia katika kompyuta zisizo zake. Hatukuliazima popote. Tulilitoa sandukuni, tukalifuta vumbi. Mengine tumeyaazima na kuyavika nguo zetu: kompyuta, betri, chaji, setilaiti. Fundi wa simu wa Kamembe hufanya kazi kutwa nzima kwa Kiswahili na Kinyarwanda, hueleza ugonjwa wa simu, hupanga bei, humtuma msaidizi wake kipuri, wala hatujamsikia akinyamaza kwa kukosa neno. Anayekosa neno ni mwalimu asiyefika kibandani.

Liko na jambo la Kiswahili chetu cha mpakani. Kijana yule alimtia mama muuza sambaza kinywani mwake lugha ya soko: ‘niko naenda’, ‘bintu’. Tulipiga mistari myekundu kila mahali. Sasa twauliza, je, mama huyo aseme kama kamusi? Kiswahili sanifu ni nyumba yetu sote na lazima kifundishwe bila kulegea. Mtahini wa taifa hatamhurumia mwanafunzi. Lakini msimulizi aliyemwandikia mhusika lugha yake hakukosea sarufi. Alisikiliza. Katika Rwanda Kiswahili kiliitwa kwa muda mrefu lugha ya wachuuzi, ya askari na ya mitaa ya Waislamu, hadi kilipofanywa lugha rasmi mwaka 2017. Ikiwa sasa, baada ya kupewa kiti, tutawafukuza wachuuzi waliokilea, tutakuwa tumerithi dharau ile ile tuliyoilalamikia.

Kisa kilichorudi nyumbani

Turudi kwa Saul Williams, maana habari yake haikuishia kwenye albamu. Mwaka 2019 alitoa albamu nyingine, Encrypted & Vulnerable. Kisha yeye na Anisia Uzeyman, msanii wa Rwanda, wakatengeneza filamu ya muziki iitwayo Neptune Frost, iliyopigwa picha hapa nchini Rwanda na kuonyeshwa Cannes mwezi wa Julai 2021 katika sehemu ya Wiki Mbili za Waongozaji. Nyimbo zake zilitoka mwaka 2022 katika albamu iitwayo Unanimous Goldmine. Filamu yaanzia kwenye machimbo ya koltani. Mchimbaji mmoja, Tekno, auawa. Ndugu yake Matalusa aondoka. Njia yake yakutana na ya Neptune, mtu aliyezaliwa na maumbile ya kike na ya kiume, na katika kijiji cha wadukuzi wanaanzisha maasi yanayoitikisa mitandao ya dunia. Matalusa ameigizwa na Kaya Free, mfokaji wa Burundi. Neptune ameigizwa na wawili, Elvis Ngabo na Cheryl Isheja. Mavazi, yaliyotengenezwa kwa nyaya na vipande vya kompyuta, ni kazi ya Mnyarwanda Cedric Mizero.

Lililo kubwa kwetu walimu wa lugha ni hili: wahusika wasema Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Albamu ya mwaka 2016 iliisema Burundi kwa Kiingereza. Kisa kilipofika kwenye vilima vyenyewe, hakikuweza kuendelea hivyo. Kilihitaji vinywa vya wenyeji.

Hapo ndipo twatofautiana hata na wale wanaoisifu kazi hii bila kipimo. Kasoro zipo, na tuziseme. Katika albamu, Burundi ni jina na alama zaidi kuliko nchi yenye soko, ugomvi na msimu wa mvua. Mdukuzi ni shujaa mzuri, lakini mchimbaji ndiye aliyekuwa shimoni, na mara nyingi kisa chamwacha huko ili kimfuate kijana mwenye kompyuta. Tena Kiswahili, lugha ambayo mchimbaji wa Kivu, mnunuzi wa madini na dereva wa lori waweza kuelewana kwayo, kina nafasi ndogo. Hatumlaumu msanii kwa hilo. Yeye alifanya sehemu yake, tena kwa heshima kuliko wengi. Lawama yatuangukia sisi. Kama kisa cha koltani katika mwaka 2090 hakipo kwa Kiswahili, ni kwa sababu kilipoletwa kwa Kiswahili tulikipa sifuri.

La kufanya

Tunapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji fedha.

Kwanza, tunapofundisha utenzi, tuwape wanafunzi kazi ya kulinganisha: ubeti wa utenzi na ubeti wa kufoka wa mistari 16. Wahesabu mizani huku na mapigo huku. Wataielewa arudhi vizuri zaidi wanapoona kwamba sheria ni chombo cha kazi.

Pili, tuvisome Kusadikika na Walenisi kama bunilizi za wakati na mahali pengine, pamoja na maana yake ya kisiasa, badala ya kuikimbilia maana hiyo ya pili na kuiacha ya kwanza.

Tatu, katika mashindano yetu tuweke nafasi ya kisa kirefu cha kughani, na waamuzi waandikiwe vigezo kabla, ili asitokee tena mtu wa kudai vina vya kati mahali visipostahili.

Nne, tuwaruhusu wahusika waseme kama watu wa mahali pao, na msimulizi aandike sanifu. Kufanya hivyo ni kugumu kuliko kuandika sanifu tupu, na mwanafunzi anayeweza kutenganisha sauti hizo mbili ameimiliki lugha.

Tunajua tutaambiwa kwamba mtihani hauulizi mambo haya. Ni kweli kwa sasa. Lakini mtihani huandikwa na watu, na baadhi ya watu hao husoma jarida hili.

Tunamalizia kwa yule kijana. Amekwisha maliza shule. Mwaka jana tulimkuta Kamembe, tukamwomba radhi, tukamwuliza kama bado ana lile daftari la Kiswahili. Akasema kwa adabu, ‘Shikamoo mwalimu, lile sikuliweka.’ Alikumbuka vipande vitatu tu, akatughania kimoja pale barabarani, nasi twakiri kwamba kilikuwa kizuri. Tulimsihi aviandike upya vyote kumi na viwili. Alitabasamu, akauliza tungempelekea nani. Swali hilo hatukuweza kulijibu peke yetu, ndiyo maana tumelileta kwenu, ndugu walimu.